Nimebadilisha Mlio wa Pikipiki, Ng'ombe wa Baba Mdogo Hawanijui Tena

Shangazi Sara, shikamoo.

Samahani mwandiko ni mbaya, nimeshika grainda ya kukatia chuma tangu asubuhi, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana Jumapili Baba mdogo anarudi na mimi nimeharibu, au nimetengeneza, yaani hata sijui niseme ipi, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, naishi Ilongero huku Singida, kwa Baba mdogo Alute, ndiye aliyenilea tangu baba yangu afariki nikiwa darasa la pili. Baba mdogo alikuwa bwana mifugo wa serikali, na alipostaafu wenzake walinunua mashine za kukamua alizeti, wengine wakajenga fremu za maduka mjini, yeye akanunua pikipiki. Na siyo hizi za bodaboda shangazi, ni zile za kulala, watu wa mjini wanaziita kruza, unakaa umejiegemeza kama uko kwenye kochi, miguu mbele, tanki limevimba kama papai. Huku kwetu sijaona nyingine. Watu walimcheka kwamba mzee kachanganyikiwa, yeye akawajibu, "Miaka thelathini nimepanda pikipiki ya serikali nimekaa wima. Hii ni ya kwangu, naipanda nimelala."

Sasa sikiliza habari ya ng'ombe, bila hiyo hutanielewa. Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu, na wakati huu mashamba yakishavunwa ng'ombe wanaachiwa kwenye mabua, sasa jioni kuwatafuta akawa hawezi, basi akabuni mtindo wake. Anaendesha pikipiki polepole mpaka kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya kwetu, anapiga resi mara tatu, pu, pu, puuu, anawagombeza kidogo kama kawaida yake, halafu anamwaga chumvi juu ya jiwe. Ng'ombe wanakuja wenyewe, wote kumi na nne, mbele yao Diwani. Diwani ni jike jekundu lenye pembe moja iliyopinda, tunamwita hivyo kwa sababu akishaamua yeye wengine wanafuata bila kuuliza. Watu walikuwa wanakuja kuangalia tu, mzee haoni mita ishirini lakini ng'ombe wake wanarudi kama wanafunzi waliopigiwa kengele.

Miezi miwili iliyopita binti yake Rebeka, aliyeolewa Dodoma, akamchukua akafanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kwanza, halafu la pili. Siku anaondoka akanipa funguo mbele ya Mama Severina, mke wake, akasema, "Ngurumo." Ananiita hivyo kwa sababu anasema mimi ni kama mvua za huku kwetu, naanza na ngurumo naishia na mawingu, chuo cha ufundi niliacha, kufuga kuku nikaacha, kinyozi nikaacha, na kweli niliacha, siwezi kubisha. "Ngurumo, kila jioni ipeleke jiweni, piga resi, mwaga chumvi. Kitu kingine usiguse."

Wiki tatu sikugusa. Wiki tatu shangazi! Kwa mtu kama mimi hiyo ni kama mwaka.

Nilianza na saidi mira tu, vile vioo vya pembeni, naapa, za zamani zilikuwa na kutu nikaweka za duara. Sasa saidi mira mpya zikafanya hendeli ionekane ya kizee, nikaikata nikaipandisha juu, ile ya kushika mikono imeinuka. Hendeli ikiwa juu taa inaonekana ndogo, nikaongeza mbili pembeni. Katikati ya taa pakabaki peupe, nikakumbuka pembe za lile dume tulilochinja kwenye harusi ya Rebeka, zilikuwa darini, nikazisugua nikazifunga pale mbele, daah, nikakaa chini kwenye vumbi nikaitazama tu. Kila kitu nimejifunza kwenye simu, natazama video mpaka bando linakata, naenda kujaribu, nakosea, narudia. Mifuko ya pembeni nimeshona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi, hapo tatizo ni moja tu, mbwa wa njia nzima wananifuata.

Halafu ekzosi. Shangazi, pikipiki nzuri vile halafu inalia kama cherehani, ilikuwa inaniuma. Nikalifungua bomba la moshi la zamani, nikalikata shingo maana ndiyo iliyokuwa inaingia kwenye injini, nikaenda nayo kwa fundi Bonifasi, yule mchomeleaji wa nyuma ya stendi Singida Mjini. Nikampa mabomba mawili niliyotoa kwenye pampu ya maji iliyokufa, tukayakunja, tukachomelea, moja kulia moja kushoto, ndani wazi kabisa, hakuna cha kupunguza sauti. Bonifasi akaniuliza, "Mzee mwenyewe anajua?" nikamwambia anajua. Huo ndio uongo wa kwanza, nauandika hapa ili utoke.

Nilipoiwasha, kuku wote wa Mama Severina walikimbilia ndani na bati za nyumba zikaitikia. Mlio mzito shangazi, kama mtu mkubwa anacheka! Rafiki yangu Godfrey aliniambia, "Oya, hiki siyo chombo, hii ni radi imewekewa matairi." Jumamosi iliyofuata nikaombwa niongoze msafara wa harusi, Jumatatu vijana watatu wametoka Misigiri kote kule, wamefika mlangoni na pikipiki zao wanasema tufanyie na sisi. Mimi! Mtu niliyeacha chuo! Hakuna kitu nimewahi kukimaliza maishani mwangu mpaka mwisho, hiki nimekimaliza, watu wanasimama barabarani wanakiangalia. Nikaanza kuota kibanda changu pale njia panda, kwenye kiwanja cha Baba mdogo, nikawa nasubiri arudi nimwombe.

Lakini turudi nyuma, jioni ya siku ile niliyoiwasha mara ya kwanza nilienda jiweni na chumvi. Nikapiga resi mara tatu.

Ng'ombe waliinua vichwa, wakaniangalia, Diwani akageuka, na alipogeuka yeye wakageuka wote, mikia juu, vumbi, hao. Niliwafuata na pikipiki nikidhani nikiwakaribia watanitambua. Kumbe ndiyo nawafukuza. Wakaenda moja kwa moja mpaka kwa jirani yetu Mzee Filipo, alikuwa amerundika vichwa vya alizeti anasubiri kupiga, wakapita katikati, wengine wakala. Mzee Filipo alitoka na fimbo akasimama mbele yangu, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwanza kama ilivyo adabu, halafu akasema, "Hiyo pikipiki inakohoa au inatapika?"

Tangu siku ile ni wiki mbili hawaji jiweni. Nawatafuta kwa miguu mpaka giza linaanza kuingia, juzi nimewakuta karibu na barabara kubwa, na maziwa yamepungua. Mama Severina haniongeleshi sana, ila nilipomwambia labda nirudishe bomba la zamani alinijibu haraka sana. Lile gamba la ekzosi ya zamani, nililokuwa nimeshalitoa vya ndani, alikuwa ameshalichukua akalichomeka kwenye ukuta wa jikoni litoe moshi. "Miaka thelathini na moja napika nalia," ameniambia. "Sasa napika naimba. Ya pikipiki mimi simo, lakini bomba langu halitoki hapo."

Nimejaribu hata ujanja. Kwenye simu nilikuwa na video ya zamani ya pikipiki inalia mlio wake ule wa cherehani, nikafunga spika kubwa kwenye keria, nikaisukuma kwa mkono mpaka jiweni, nikafungulia. Wakasimama kwa mbali wanaangalia tu. Mwisho wa video Baba mdogo anasikika ananigombeza, "We Ngurumo, zima hiyo, unamaliza mafuta!" na hapo Diwani akaja, akaja kabisa, akanusa spika, akailamba. Nikaruka kwa furaha! Halafu simu ikaendelea yenyewe kwenye video inayofuata, muziki, wakakimbia wote, basi hiyo nayo imeshindikana.

Godfrey anasema nimwambie Baba mdogo kwamba bomba lilioza, au kwamba imetoka sheria mpya ya mabomba mawili. Mimi nilikuwa nafikiria niipeleke kwa Bonifasi niifiche, niseme imeharibika, nipate muda. Zamani ningeweza kumdanganya, lakini sasa Rebeka anasema baba anaona mpaka sindano. Kung'oa mabomba siwezi shangazi, moyo unakataa, ni kama kukubali kwamba mimi kweli ni mawingu. Kuyaacha ina maana mzee anarudi na macho mapya halafu ng'ombe wake wanamkimbia. Yeye kwangu ndiye baba. Akinitazama kwa yale macho ya kusema "nilijua tu", nitaondoka Ilongero.

Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu, kwa sababu Baba mdogo hakosi safu yako, anaikata anaibandika ukutani juu ya redio, na tangu macho yaharibike mimi ndiye niliyekuwa namsomea kila Alhamisi.

Wako,
Ngurumo, Ilongero.

SHANGAZI SARA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeficha jina lako kama ulivyoomba. Ila umenitajia baba yako mdogo kwa jina, mke wake kwa jina, ng'ombe kwa jina, umenieleza pikipiki ambayo mwenyewe unasema huko hakuna nyingine, halafu ukasaini kwa jina analokuita yeye. Unataka nifiche nini hapo? Hata pembe umezitaja!

Ngoja nicheke nimalize, ndipo nikugombeze.

Umekosa, na unajua ulipokosa. Mapambo siyo kosa. Kijana aliyeweza kukunja mabomba ya pampu yakakaa kwenye injini bila kuvuja ana mikono, na sitakubali mtu akuite mawingu, wala wewe usijiite. Kosa ni kwamba uliambiwa "kitu kingine usiguse" na kitu chenyewe si chako. Ungekata hendeli ya pikipiki yako ningekupigia makofi. Umekata ya mzee aliyeinunua ili ajilaze, sasa umemweka mikono juu kama mtu anayekamatwa. Na Bonifasi alikuuliza swali zuri, ukamdanganya. Huyo naye umwambie ukweli, maana utamhitaji wiki hii.

Halafu pembe. Mwanangu, unawaendea ng'ombe umevaa kichwa cha ndugu yao, unanguruma, unawakimbiza, halafu unashangaa Diwani kageuka? Hata mimi ningegeuka.

Sasa nisikilize kuhusu mambo ya Godfrey. Sheria ya mabomba mawili! Mzee amefanya kazi serikalini miaka thelathini, unampelekea sheria ya Godfrey? Acha. Na kuificha kwa Bonifasi acha pia. Uongo kwa mtu aliyetoka kufunguliwa macho ni dhambi na ni ujinga, vyote kwa pamoja. Wewe ndiye uliyekuwa macho yake ya kusomea. Asipate jambo hili kwa mtu mwingine.

Kuondoka Ilongero nako, futa. Hujaua mtu. Umefukuza ng'ombe.

Yaliyobaki ni kazi. Leo hiihii ng'oa pembe, rudisha darini. Kesho asubuhi nenda kwa Mzee Filipo bila pikipiki, kwa miguu, ukapige naye alizeti mpaka iishe. Usiende na maneno mengi, nenda na fimbo ya kupigia na magunia. Kisha nenda kwa Bonifasi, mwambie atie ndani ya kila bomba kile chuma chenye matundu cha kumeza sauti, pikipiki ibaki inanguruma kwa heshima. Mabomba yako mawili yabaki, sikuambii uyatoe. Vijana wa Misigiri wakisikia yamepungua sauti wakakucheka, waambie hiyo ndiyo kazi yenyewe, kupaza sauti kila mtu anaweza kwa kutoboa tu, kuipunguza ikabaki nzuri ndiko kunahitaji fundi. Ukiliweza hilo, kibanda umeshakipata nusu. Hendeli muulize mwenyewe. Huenda akaipenda, wazee wana mambo yao. Mifuko ya mbuzi, shauri lako na mbwa.

Na bomba la jikoni usithubutu kuligusa. Mwanamke aliyelia na moshi miaka thelathini na moja ameanza kuimba, wewe unataka kumnyang'anya ili ng'ombe wapate mlio? Katika mambo yote uliyoyafanya mwezi huo, hilo ndilo la maana kuliko yote, na ulilifanya bila kukusudia. Umtengenezee na kofia ya bati juu yake, mvua isiingie.

Sasa ng'ombe. Nimeisoma barua yako mara mbili na jibu la ng'ombe umeliandika mwenyewe, umelipita mbio kama unavyopita kila kitu. Ulipowapigia mlio wa zamani walifanya nini? Walisimama kwa mbali. Mlio ule ule unaoulilia, bomba lile lile, wakasimama tu. Diwani alikuja lini? Aliposikia mzee anakugombeza.

Hukuona hapo? Mlio ulikuwa unawaambia tu kwamba mzee amefika, wewe umewatia shaka, sasa wanataka wamsikie mwenyewe. Hujawaharibia kitu ambacho hakiwezi kurudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nimemwomba mhariri barua yako itoke Alhamisi hii, ila jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumanne, upate muda wa kujiandaa. Ndiyo, unaniona mbaya, lakini ningeiweka wiki ijayo ungejipa wiki nzima ya kujificha, nakufahamu sasa. Rebeka hatakosa kumnunulia gazeti, na baba yake atalisoma mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Gazeti hufika Dodoma asubuhi. Wewe unaamka na kuku, wafungulie ng'ombe waingie kwenye mabua. Mpigie kabla halijafika.

Usianze na saidi mira. Anza na ekzosi, kisha ng'ombe, kisha Mzee Filipo, ndipo urudi nyuma mpaka kwenye saidi mira. Sema "nilikosa, baba," usiseme "imetokea." Usimwombe kibanda siku hiyo. Kibanda utamwomba akishaiona kazi, na sasa ataiona vizuri, mpaka nati.

Na simu hiyo usiipigie chumbani. Funga ile spika yako kwenye keria, chukua chumvi, isukume pikipiki mpaka jiweni injini ikiwa imezimwa, mpigie ukiwa pale. Mwaga chumvi, fungulia sauti, kisha umwambie yote. Ng'ombe wakishafika na kuanza kulamba, washa injini polepole, waizoee wakiwa wanamsikia mwenyewe. Fanya hivyo na Ijumaa, fanya na Jumamosi.

Mzee atagomba, hilo nakuhakikishia. Atagomba sana, na ana haki. Usikate simu, mwanangu. Ongeza sauti. Diwani yuko njiani.

Shangazi yako,
Sara